Kutafuta Mguu wa Boti Upareni

Mtu wa Pangani akitafuta kifaa cha boti hushuka Tanga mjini. Akikosa, huvuka kwenda Unguja au hupanda basi la Dar es Salaam. Sisi tulielekea Same, mji wa nchi kavu ulio chini ya Milima ya Upare, mahali ambapo bahari ni habari ya kusimuliwa. Tulikuwa tumepigiwa simu na mtu anayefahamiana na mjomba wangu, akatuambia kwamba pande hizo yuko mzee aliyehifadhi mguu mzima wa boti iliyokuwa ikitembea Bwawa la Nyumba ya Mungu. Mimi nilikuwa sijawahi kuipita Korogwe kwa njia ile. Fundi wetu naye, ambaye ameshika spana tangu ujana wake, milima hiyo alikuwa ameiona kupitia dirisha la basi tu.

Boti ya mjomba huwapeleka wageni kwenye kisiwa cha mchanga cha Maziwe. Haina mashine ya kupachika nyuma kama boti nyingi za huku. Injini yake imekaa ndani, karibu na tezi, ni MerCruiser ya petroli ya miaka ya 1980, lita 3.0, silinda nne. Nguvu yake hutoka nje kupitia kipande cha aluminiamu kilichofungwa nyuma ya boti na kuzama majini. Wenye vitabu hukiita stendraivu. Sisi tunakiita mguu. Shafti kutoka kwenye injini huingia kwenye mguu ikiwa imelala. Gia za juu huupokea mzunguko na kuuelekeza chini kwa shafti iliyosimama wima, kisha gia za chini huugeuza tena kuelekea nyuma, kwenye propela. Mguu huo huo ndio unaokata kona, ndio unaonyanyuliwa maji yakiwa haba, na ndio unaovuta maji ya kupozea injini.

Uliokuwa umekufa ni nusu ya chini. Sili ya shafti ya propela ilichakaa, maji ya chumvi yakaingia polepole, na siku fundi alipofungua nati ya chini mafuta yalitoka yakiwa meupe, yamechanganyika na chembe za chuma. Meno ya gia yalikuwa yamemeguka. Tulipouliza bei ya mguu mpya kwa wauzaji, tuliona kwamba ungemgharimu mjomba kuliko thamani ya boti yote. Wapo waliomshauri aing'oe injini, azibe tundu la nyuma na kupachika mashine ya kisasa. Injini yenyewe ilikuwa nzima, haili mafuta, na inawaka kwa mguso mmoja. Kuitupa injini nzima kwa ajili ya gia mbili lilikuwa jambo ambalo fundi hakulikubali hata kidogo, na mimi nilikuwa upande wake.

Lakini fundi huyo huyo ndiye aliyetuzuia kutuma pesa kwa simu. "Miguu hii yote ina sura moja," alituambia. "Kinachoutofautisha mmoja na mwingine kimefichwa ndani. Lazima tuende tukaupime."

Ufundi wa kuweka injini ndani na mguu nje si wa kale sana. Volvo Penta ya Sweden ilionyesha mguu wake, Aquamatic, kwenye maonyesho ya boti ya New York mwaka 1959, kutokana na wazo la mhandisi Mmarekani Jim Wynne. MerCruiser ikafuata mwaka 1961. Tangu hapo watengenezaji wametoa miguu ya aina nyingi inayofanana kwa macho. Aina ya boti yetu, Alpha One, ilibadilishwa mwaka 1991 ikawa kizazi cha pili, na nusu za vizazi hivyo viwili haziunganiki. Hata ndani ya kizazi kimoja kuna tofauti kubwa zaidi, nayo ni uwiano wa gia. Mguu uliotengenezewa injini ya silinda nne ya lita 3.0 una uwiano wa 1.98: injini inazunguka karibu mara mbili, propela inazunguka mara moja. Wa V6 una 1.84. Wa V8 una 1.50. Injini ndogo hupewa uwiano mkubwa ili ipate nafuu ya kuusukuma mzigo. Ukiifunga kwenye mguu wa V8 pamoja na propela yake ya zamani, kwa kila mzunguko wa injini propela itataka kwenda kasi zaidi kwa karibu thuluthi nzima. Injini haitaweza. Itanguruma ikiwa imelemewa, haitafika kasi yake, itachemka, na mwenye boti atailaumu injini ilhali ugonjwa hauko kwenye injini.

Hayo yote fundi alinieleza ndani ya basi, kabla hatujafika Muheza, huku daftari lake likiwa limefunguliwa magotini.

Kutoka Tanga barabara huingia kwenye mashamba ya mkonge, na mimi niliyatazama kwa macho mapya kwa sababu historia yake inaanzia kwetu. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge katika nchi hii. Ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, nayo ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto tu ukitoka mjini Pangani. Zao hilo lilipanda bara, likashika Muheza, Korogwe, hata Makanya iliyoko chini ya Upare. Tulipita Hale, ambako maji ya Mto Pangani yamekuwa yakizungusha mitambo ya umeme tangu 1964, kituo cha megawati 21. Hapo ndipo nilipotambua kwamba safari yetu yote ilikuwa ya kuufuata mto wetu wenyewe kwenda juu. Maji tunayoyaona yakimwagika baharini mbele ya boma la zamani yalikuwa yamepita Hale, na kabla ya Hale yalipita katika uwanda wa chini ya Upare, na kabla ya hapo yalizuiwa Nyumba ya Mungu.

Baada ya Segera na Korogwe, Milima ya Usambara ikasimama upande wa kulia, mirefu na ya kijani. Kule Mombo abiria walinunua matunda kupitia madirishani. Baadaye Usambara ikakatika, pakawa na mwanya mpana wa uwanda mkavu, kisha mlima mwingine ukaanza. Jirani yangu kitini, mama mmoja aliyekuwa akirudi kwao Hedaru, alinionyesha kwa kidole. "Hiyo sasa ndiyo Upare, mwanangu." Nilikuwa nimetarajia mwendelezo wa Usambara. Nilichokiona ni mlima ulioinuka moja kwa moja kutoka kwenye vichaka vya miiba, chini pakavu pa rangi ya majivu, juu kabisa pameshikwa na mawingu. Mama akanieleza kwamba kule juu, Chome, kuna msitu na baridi, na kilele cha Shengena ambacho kinazidi mita 2,400. Kwamba Mamba Miamba wanalima tangawizi. Kwamba huku chini mvua ni ya kusubiri kwa dua. Watu wale wale, alisema, wana shamba juu na shamba chini, na miguu yao inaijua njia ya katikati.

Same ilitupokea kwa upepo. Mji umekaa mahali ambapo barabara kuu na ile reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911 zinapita kwenye pindo la mlima, na jua lilipokuwa likishuka vumbi lilitembea barabarani kabla ya watu. Tulikula makande kwa mama ntilie jirani na stendi, yamepikwa yakaiva kweli kweli, mahindi na maharage yameshikana. Mama huyo aliposikia tumefuata kifaa cha boti hakushangaa. "Mtakuwa mmemfuata mzee wa Bangalala," alisema, akatuelekeza gari la asubuhi.

Bangalala iko katikati ya mlima na uwanda, katika bonde ambalo maji yake hushuka kutoka pande za Vudee. Njiani niliiona ndiva kwa mara ya kwanza, bwawa dogo la kuhifadhia maji lililojengwa kwenye mteremko. Mfereji huleta maji yake usiku kucha. Asubuhi lango hufunguliwa, maji yakateremka kwa nguvu ya kutosha kufika mashamba ya mbali, na kila mwenye shamba ana zamu yake. Kijana aliyekuwa kwenye gari alitueleza kwamba kijito kikiachwa kitiririke mchana na usiku hakifiki popote, kwa kuwa ardhi hukinywa njiani. Maji hayo hayo yakikusanywa na kufunguliwa kwa kipimo hulisha mashamba mengi. Fundi alisikiliza kwa makini sana. Hawa, aliniambia tuliposhuka, ni watu wanaojua kwamba nguvu ndogo inahitaji mpango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mmetoka mbali, kaeni kwanza."

Hatukuonyeshwa mguu hadi tulipokunywa chai na kuulizwa habari za nyumbani, za mvua, za mjomba na za bahari. Mzee alikuwa ameishi miaka mingi kando ya bwawa akiitunza boti ya mtu mmoja. Mwenye boti alipoondoka alimwachia mguu uwe malipo yake ya mwisho. Alisema mababu zake walikuwa wahunzi. Nilijua kuna ukweli mpana nyuma ya neno hilo: chuma cha Upare, hasa cha Ugweno kule kaskazini, kilikuwa na sifa mpaka Uchagani, na mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, ameandika jinsi ukoo wa wahunzi, Washana, ulivyotawala Ugweno kabla ya ukoo wa Wasuya. Katika nyumba ile heshima kwa chuma bado ilikuwa hai. Mguu ulikuwa ghalani, umening'inizwa kwa mnyororo kwenye boriti ukiwa wima, vile vile unavyokaa nyuma ya boti, na umevikwa gunia. Mzee alikuwa amemwaga mafuta ya zamani na kujaza mapya, na kila alipoingia ghalani kuchukua jembe aliuzungusha kidogo kwa mkono ili beringi zisishike kutu mahali pamoja.

Fundi alivua gunia, akasimama kimya. Aluminiamu ya mguu uliotumika baharini huwa na vidonda vyeupe, na nati zake huota unga. Huu ulikuwa laini tangu juu hadi chini. Haukuwahi kuonja chumvi.

"Ni mzuri," nilisema.

"Ni safi," fundi alinijibu. "Kama unatufaa, bado hatujui."

Kibandiko chenye namba kilikuwa kimebanduka zamani, kwa hiyo uwiano ungejulikana kwa kuhesabu tu. Tuliutua chini, tukauegemeza kwenye gogo. Fundi aliuweka gia ya mbele kwa koleo, akatia alama ya chaki kwenye shafti ya kuingilia na nyingine kwenye shafti ya propela. Alimwomba mjukuu wa mzee azungushe shafti ya juu taratibu, kwa upande ule ule injini inaouzungushia, maana ukienda kinyume klachi ya ndani inaruka meno na hesabu inaharibika. Mimi nilihesabu juu, mzee akahesabu chini. Mizunguko kumi ya juu ikatoa mitano na karibu nusu chini. Tukarudia, jibu likawa lile lile.

Fundi aliandika kwenye daftari. Kumi kwa tano na kidogo sana ungekuwa mguu wetu, 1.98. Kumi kwa sita na theluthi mbili ungekuwa wa V8. Kumi kwa mitano na karibu nusu ni 1.84. Mguu wa mzee ulitoka kwenye injini ya silinda sita.

Nilivunjika moyo. Mzee aliuona uso wangu, akauliza kwa upole, "Kwani hauingii?"

"Unaingia, mzee," fundi alisema. "Bolti zitakubali, shafti itakubali. Injini ndiyo itakayoteseka." Akaeleza kwamba dawa moja ni kuufunga mzima na kubadilisha propela: kutoka ile ya mjomba yenye mwendo wa inchi 17 kushuka hadi 15 au 16, maana mwendo ni ile hatua ambayo propela ingepiga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa yabisi. Kupunguza inchi moja huiongezea injini mizunguko kati ya 150 na 200 kwa dakika. Ni dawa inayokubalika, na mafundi wengi huishia hapo. Lakini kulikuwa na njia safi zaidi, na ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii ya kupima. Katika miguu ya kizazi kile nusu ya chini ni moja kwa injini zote. Ina uwiano wake wa karibu 1.65. Tofauti yote ya silinda nne, sita na nane hufanywa na gia za nusu ya juu. Na nusu ya juu ya mjomba ilikuwa nzima.

Mzee hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Basi kichwa chenu, mguu wangu," alisema, akaagiza spana ziletwe.

Walizitenganisha nusu mbili pale pale uani. Kwa shafti ya wima ikiwa peke yake tulihesabu tena, na mizunguko kumi ikatoa sita ya propela. Ndiyo 1.65 yenyewe. Fundi alizungusha shafti ya propela akiitazama ncha yake dhidi ya msumari alioukita ardhini, akaona haichezi. Kisha akaazima pampu ya baiskeli na kipimo cha upepo, akajaza hewa kidogo kupitia tundu la mafuta, akapaka povu la sabuni kwenye kila sili. Tukangoja. Hakuna povu lililovimba, na mshale wa kipimo haukushuka.

Hata hivyo hakulipa siku hiyo. Alitaka kujua boti ile ilikufaje. Kifaa kilichopimwa, alisema, bado kina maisha yaliyopita, na maisha hayo anayajua aliyekitumia. Mzee alikubaliana naye kabisa, akatupa jina la nahodha wa zamani aliyeko Lang'ata, kwenye ukingo wa bwawa.

Kwa hiyo tuliishika barabara ya Mwanga. Milima ya Upare Kaskazini ilibaki kulia, nasi tukaiacha lami na kukata kushoto kuingia kwenye uwanda wa miiba na mibuyu michache. Bwawa lilijitokeza ghafla, buluu katikati ya ukame. Nyumba ya Mungu ilijengwa katika miaka ya 1960 mahali ambapo Kikuletwa, inayoleta maji ya Meru na Kilimanjaro, hukutana na Ruvu inayotoka upande wa Ziwa Jipe. Chini ya ukuta wake kuna kituo cha umeme cha megawati 8, na kuanzia hapo mto unaitwa Pangani. Hapo ndipo jina la mji wetu linapoanzia safari yake ya kwenda baharini. Nilisimama ukingoni nikatamani mjomba angekuwepo aone.

Bwawa lilipojaa, perege na kambale waliongezeka kwa wingi wa ajabu, na wavuvi walikuja kutoka pande za maziwa makuu wakaanzisha vijiji. Baadaye samaki walipungua, na mara kadhaa serikali imelazimika kuufunga uvuvi ili wazaliane. Siku tuliyofika mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani, nyavu zikianikwa, na kaskazini Kilimanjaro ilikuwa imejifunua nusu. Nahodha tulimkuta akishona wavu.

"Ule mguu haukuwa na kosa," alituambia. "Kilichokufa ni injini. Magugu yaliziba matundu ya maji, injini ikachemka mpaka ikashika. Tulirudi kwa makasia."

"Hamkuwahi kugonga kisiki?" fundi aliuliza, maana chini ya maji yale kuna miti iliyozama bwawa lilipojaa.

"Propela tulibadilisha, ndiyo. Kisiki kilikunja panga moja. Shafti haikuguswa, tuliipima."

Jibu hilo lilikuwa na thamani ya nauli yote. Katika miguu ya kizazi chetu pampu ya maji ya kupozea iko juu ya nusu ya chini, yaani ndani ya kile kile tulichotaka kununua. Kama ilizunguka bila maji, mpira wa impela uliungua, na huenda hata nyumba yake ya plastiki iliyeyuka. Fundi aliandika kwenye orodha: impela, nyumba ya pampu, gasketi, vyote vipya. Akamwuliza pia nahodha boti ilikuwa ikifikisha mizunguko mingapi. Nahodha alisema haikuwahi kufika pale ilipotakiwa, hata ilipokuwa mpya bwawani. Fundi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Bwawa liko karibu mita 690 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Pale bwawani injini ilikuwa imekwishapungukiwa asilimia saba kabla haijaanza kazi. Ndiyo maana propela iliyochaguliwa bwawani haipaswi kubebwa tu na kufungwa pwani. Mahali pana sehemu yake katika hesabu, sawa na gia.

Tulirudi Bangalala na kulipa. Mzee alitaja bei ya nusu moja, akaibakiza nusu ya juu mikononi mwake akisema kwamba mwenye V6 naye atakuja siku yake. Fundi akaiandika kwa msumari kwenye bati, 1.84, akaifunga kwa waya kwenye ile nusu iliyobaki, asije mtu mwingine akaanza upya kutafuta. Mzee aliushika mkono wa fundi kwa muda mrefu. Nadhani alichofurahia zaidi ya pesa ni kuona utunzaji wake umetambuliwa na mtu anayejua maana yake.

Kazi ya Pangani ilienda kwa utaratibu niliokuwa nimeshaanza kuuelewa. Nusu ya Bangalala iliunganishwa na nusu ya mjomba zote zikiwa gia ya mbele, kwani zisipopatana hapo kiunganishi cha gia hakiingii mahali pake. Impela na nyumba yake ziliwekwa mpya. Kabla ya kuufunga mguu nyuma ya boti fundi aliingiza chuma cha kupimia unyoofu kupitia tundu la nyuma hadi ndani ya injini, akainyanyua injini kidogo mpaka chuma kikaingia na kutoka kwa vidole viwili. Injini iliyopinda hula meno ya shafti ndani ya msimu mmoja. Mpira wa mikunjo unaozuia maji kuingia kwenye krosi ulibadilishwa, nao ni kitu cha bei ndogo kinachoweza kuzamisha boti.

Jambo la mwisho lilihusu maji yenyewe. Kwenye mguu hufungwa vipande vya madini laini vilivyowekwa ili viliwe na maji badala ya aluminiamu. Katika maji baridi hutumika magnesi, na mguu wa bwawa ulikuwa na vya magnesi. Baharini magnesi huisha upesi mno na kuuacha mguu uchi, kwa hiyo vilitolewa vikawekwa vya zinki. Rangi ya kuzuia chaza tulichagua isiyo na shaba, kwa sababu shaba na aluminiamu zikikutana kwenye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Boti ilitoka mdomo wa mto maji yakiwa yamejaa, ikiwa na watu na mafuta kama siku ya kazi, kwa maana boti tupu hudanganya. Mtengenezaji anaitaka injini hii ifike kati ya mizunguko 4,400 na 4,800 kwa dakika ikifunguliwa hadi mwisho. Kwa propela yake ile ile ya inchi 17 ilifika 4,600 na kutulia hapo. Mjomba alicheka kwa sauti, na fundi akainama kutazama mafuta.

Tangu siku hiyo nimezungumza na wenye boti wengi wa Pangani, Tanga na Kigombe, na ninawasihi jambo moja. Fungueni kifuniko cha injini leo, kabla hakijaharibika kitu. Andikeni namba ya injini, namba ya mguu, uwiano wake, mwendo wa propela na mizunguko inayofikiwa boti ikiwa na mzigo. Kama kibandiko kimefutika, tieni chaki na mhesabu. Ni kazi ya dakika chache kwa watu wawili. Injini nyingi za zamani zinazotupwa huku pwani hazijafa. Zimefungiwa mguu usio wao, au zimehukumiwa kwa sababu ya gia ambazo jozi yake inangoja mahali fulani, imetunzwa vizuri na mtu ambaye hatujamwuliza. Mjomba ameandika namba zake kwa rangi ya mafuta ndani ya kifuniko, na fundi amezinakili kwenye daftari, ili yeyote atakayeirithi boti ile asianze na kubahatisha.